Wiki moja katika kambi ya watoto mashariki mwa Texas: tuliyouliza kabla ya kumwacha binti yetu, na tuliyoyakuta

Binti yetu ana miaka tisa na ana pumu. Mwezi Februari 2025 tulilipa dola 300 za kumshikia nafasi katika kambi ya kiangazi, yaani ya kulala na kucheza wakati wa likizo ya shule, iliyo kando ya ziwa, kwenye misitu ya misonobari ya mashariki mwa Texas, mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka tunakoishi karibu na Dallas. Gharama kamili ya wiki moja ilikuwa dola 1,150, na zamu yake ilipangwa kuanza Jumapili ya tarehe 20 Julai. Siku kumi na sita kabla ya tarehe hiyo, alfajiri ya tarehe 4 Julai, Mto Guadalupe, katikati ya Texas, ulifurika na kuua watoto waliokuwa kambini, na kuanzia asubuhi ile hakuna mzazi niliyezungumza naye hapa Texas ambaye hakujiuliza kama amtoe mwanawe kambini au amwache. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya wazazi wenzangu wanaosoma Kiswahili, ambao wengi wao hawakulelewa na desturi hii ya kambi za kiangazi na hawana dada au shangazi wa karibu wa kumuuliza. Jina la kambi siliandiki, kwa sababu nina lalamiko moja kubwa ambalo bado tunazungumza na uongozi wake, na ningependa lalamiko hilo limalizike mezani kwao kwanza.

Nieleze kidogo yaliyotokea, kwa kuwa ndiyo yaliyoamua maswali tuliyokwenda kuuliza. Camp Mystic ni kambi ya Kikristo ya wasichana iliyoanzishwa mwaka 1926 kando ya mto huo, katika Kaunti ya Kerr, kwenye vilima ambako mvua kubwa hushuka kwenye miamba na kuingia mtoni kwa haraka ya kutisha. Onyo la mafuriko ya ghafla lilitolewa na idara ya hali ya hewa saa saba na dakika kumi na nne usiku. Mto ulipanda kiasi cha mita 8 ndani ya dakika 45. Mabweni ya watoto wadogo kabisa yalikuwa kwenye uwanda wa chini, karibu na maji. Wasichana na walezi wao 27 walifariki, na mkurugenzi wa kambi, Dick Eastland, naye alikufa akiwa katika jitihada za kuwaokoa. Jambo lililonikosesha usingizi zaidi ni kwamba siku mbili tu kabla, tarehe 2 Julai, mkaguzi wa jimbo alikuwa amefika pale na kuandika kuwa kambi ina mpango wa dharura. Karatasi ilikuwepo. Tena haikuwa mara ya kwanza kwa mto ule kuchukua watoto wa kambini, kwani mwezi Julai 1987, karibu na mji wa Comfort, vijana kumi walikufa walipokuwa wakihamishwa kutoka kambi ya kanisa na gari lao likanaswa na mafuriko.

Mama yangu alipiga simu kutoka Tanga jioni ya tarehe 5. Alikuwa ameona taarifa ya habari. "Mwanangu," aliniambia, "mtoto mdogo, ana pumu, na maji yale tumeyaona wote. Mna haraka gani?" Kisha akanikumbusha watoto wa Arusha ambao basi lao la shule lilisombwa na maji mwezi Aprili 2024. Sikuwa na jibu la haraka, na sikutaka kumpa la kumridhisha tu. Mama huyu ndiye aliyenipeleka bweni Lushoto nikiwa na miaka kumi na minne, na tranka langu, godoro na ndoo, wala sikumbuki kama alisita. Nilipomuuliza tofauti iko wapi, alinijibu bila kufikiri kwamba matroni wa Lushoto alikuwa mtoto wa jirani yao, na kwamba mwalimu wa zamu alisoma na mjomba. Jibu hilo limekaa nami tangu siku ile. Kule nyumbani usalama wa mtoto uliegemea kwenye kujuana, na mtu akikosea kulikuwa na mlango wa kwenda kubisha hodi. Hapa hatumjui mtu. Kinachobaki kwa mzazi ni maswali, na namna maswali hayo yanavyojibiwa.

Mume wangu alitaka tumtoe. Nami sikumlaumu hata kidogo. Lakini likizo ya shule hapa ni ya zaidi ya wiki kumi, sote wawili tunafanya kazi, na mtoto alikuwa ameisubiri wiki hiyo tangu baridi, akihesabu siku kwenye kalenda ya jikoni. Tulikubaliana kwenda kuiona kambi kwa macho yetu kabla ya kuamua, tukapiga simu kuomba nafasi, na Jumamosi ya tarehe 12 Julai tukapokelewa. Kambi ambayo ingetukatalia ziara wiki ile, sisi tungekuwa tumeshamaliza nayo, na hili ni jambo la kwanza ninaloisifu kambi hii bila kusita.

Mkurugenzi wake ni mama wa makamo aliyekuja kutupokea langoni mwenyewe. Tulikuwa tumeandika maswali mengi kwenye daftari, lakini mume wangu aliyaweka yote kando akauliza moja: saa nane usiku likitokea lolote, maji au moto au mtu asiyestahili kuwepo, nani yuko macho, na anamwamsha nani? Nilitarajia atutolee faili. Badala yake alituambia tumfuate, akatutembeza njia yote ambayo kengele ingeifuata. Alianza na ofisi, ambako kuna redio ya hali ya hewa inayolia yenyewe onyo linapotolewa, na ina betri endapo umeme utakatika. Karibu yake kuna kiti cha mlinzi wa usiku, mtu mzima anayelipwa kwa kazi hiyo peke yake, ambaye haruhusiwi kulala kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na huzunguka mabweni kila baada ya saa moja. Kila bweni lina redio kol inayoachwa wazi usiku kucha, kwa hiyo mlezi hahitaji mtandao wa simu ili asikie amri. Tukiwa pale pale alibonyeza redio yake akaliita bweni la tano bila kuwaarifu, na msichana wa kule akajibu kabla sijamaliza kuhesabu hadi nne.

Kisha tukaenda kwenye bweni lenyewe, nami nikahesabu hatua kutoka ngazi ya mwisho hadi ukingo wa ziwa: 210, zote za kuteremka. Ziwa lile ni bwawa la kuchimbwa, na tuta lake liko upande wa pili, chini ya kambi, hivyo likipasuka maji yataondoka kuelekea bondeni. Bweni lina milango miwili inayofunguka kwa nje. Mume wangu alipanda juu ya kitanda cha ghorofa akabonyeza kitufe cha king'ora cha moshi, na kikalia kwa nguvu mpaka wasichana waliokuwa uwanjani wakageuka. Mkurugenzi hakukasirika. Alisema wazazi wa wiki ile walikuwa wamekibonyeza mara sita, na kila mara alishukuru.

Kuhusu idadi ya walezi, kambi hii ina leseni ya idara ya afya ya jimbo, na juu yake ina ithibati ya American Camp Association, chama kilichoanzia mwaka 1910. Mzazi azitofautishe hizi mbili. Leseni ni lazima kisheria, ilhali ithibati huombwa kwa hiari, na kambi nyingi hazina. Kiwango cha chama hicho kwa kambi za kulala ni mlezi mmoja kwa watoto sita wenye miaka sita hadi minane, na mmoja kwa watoto wanane wenye miaka tisa hadi kumi na minne. Katika bweni la binti yetu walikuwa wasichana wanane na walezi wawili, kwa hiyo wamezidi kiwango. Walezi wenyewe ni vijana wa chuo wa miaka kumi na tisa au ishirini. Nilipowatazama niliona ni watoto wa watu, wema na wachangamfu, na nikaelewa kwa nini swali la nani mtu mzima aliye macho usiku lina uzito kuliko swali la hesabu.

Lipo jambo ambalo wazazi wengi wa kwetu huona haya kulitamka, nalo ni hofu ya mtu mzima kumdhuru mtoto kimwili. Nililiuliza waziwazi. Sheria ya Texas inataka wafanyakazi wa kambi wakaguliwe kumbukumbu za jinai na wapate mafunzo ya kutambua na kuzuia unyanyasaji wa kijinsia. Kambi hii imeongeza kanuni yake, kwamba mtu mzima hakai na mtoto mmoja faraghani hata kwa dakika moja, iwe bafuni, kwenye gari au kwa muuguzi, ambako mlango huachwa wazi. Hayo ni yao. Yetu tuliyafanya nyumbani, kwa Kiswahili, usiku mbili mfululizo kabla ya safari. Tulimweleza binti yetu sehemu za mwili zisizoguswa na mtu, tukamwambia kwamba mtu mzima anayemwomba amfichie siri amekwisha kukosea, na kwamba hatutamkasirikia kwa lolote atakalotuambia. Kwa kuwa watoto hawaruhusiwi simu, na barua zao hupitia ofisini kabla ya kutumwa, tulikubaliana alama: akichora mnazi pembezoni mwa barua yake, tunaingia garini siku hiyo hiyo na kwenda kumchukua, bila maswali. Ninawasihi wazazi wenzangu wawe na alama yao. Mtoto asiye na njia ya kumfikia mzazi wake anabaki mikononi mwa kambi peke yake, hata kambi ikiwa njema kiasi gani.

Majini ndiko nilikoridhika zaidi. Nchini Marekani, kwa watoto wa miaka mitano hadi kumi na minne, kuzama ni sababu ya pili ya vifo vya ajali baada ya ajali za magari, kwa hiyo ziwa tulivu la mchana ni la kuogopewa kama mto wa usiku. Siku ya kwanza kila mtoto hupimwa uwezo wa kuogelea na kuvishwa ukanda wa rangi mkononi, na mwenye ukanda mwekundu haruhusiwi kupita kamba ya kina kifupi. Gatini kuna ubao wa misumari wenye vibao vya duara, kila kimoja kikiwa na jina, chekundu upande mmoja na cheupe upande mwingine. Mtoto anapoingia majini anageuza kibao chake kionyeshe wekundu, na anapotoka anakirudisha. Kila baada ya dakika kumi firimbi hupigwa, watoto wote hushikana mikono wawili wawili na kuinyanyua juu, nao waokoaji huhesabu mikono, kisha huhesabu vibao vyekundu, na hakuna anayeendelea kuogelea mpaka hesabu mbili zilingane. Nilisimama pale nikaona hesabu tatu. Ya pili haikulingana kwa kibao kimoja, na papo hapo watoto wote wakatolewa majini hadi alipopatikana msichana aliyekwenda chooni akasahau kugeuza chake. Ilichukua chini ya dakika mbili. Kwangu mimi dakika hizo zilikuwa na thamani kuliko picha zote za kwenye tovuti yao.

Chakula kilitosha, na ombi letu la kuepusha nyama ya nguruwe liliheshimiwa siku zote. Kuhusu joto, ambalo mwezi Julai hapa ni kali mno, watoto hupumzishwa ndani kuanzia saa saba hadi saa tisa mchana na kila mmoja hubeba chupa ya maji.

Tulimpeleka.

Lalamiko letu ni hili. Kwenye fomu ya afya tuliandika, na daktari wake akatia saini, kwamba inhela ya pumu ikae mwilini mwa mtoto muda wote, kwenye mkoba wa kiunoni tuliomnunulia kwa ajili hiyo. Shuleni kwake ndivyo anavyofanya, kwa kuwa sheria ya Texas inamruhusu mwanafunzi kubeba na kutumia dawa yake ya pumu kwa idhini ya mzazi na daktari. Siku ya kufika, muuguzi aliichukua pamoja na dawa za watoto wengine na kuifungia kwenye sanduku lake, kwa kufuata kanuni ya kambi kwamba dawa zote zinatunzwa sehemu moja. Kanuni hiyo ni nzuri kwa vidonge. Jumatano walivuka ziwa kwa mitumbwi kwenda kula mchana ng'ambo, na huko, baada ya kupiga kasia na kucheka na kukimbia, kifua cha binti yetu kikaanza kubana. Alivyotusimulia, alikaa chini kama tulivyomfundisha, akaegemea mbele na kuweka mikono magotini, akawa anahesabu pumzi. Mlezi wake aliita kwa redio, muuguzi akaja kwa boti ya injini, na dawa ikamfikia baada ya dakika ambazo taarifa ya kambi inasema zilikuwa kumi na nane. Alipata nafuu mara moja na jioni aliimba na wenzake.

Ninakiri kwamba redio ilifanya kazi, mlezi hakubabaika na boti ilikuwa tayari. Lakini dakika kumi na nane kwa mtoto asiyepata pumzi ni nyingi mno, na dawa ambayo ingemfikia kwa sekunde ilikuwa imefungiwa ng'ambo ya maji huku maandishi ya daktari yakiwa kwenye faili lao. Tena tulipigiwa simu saa mbili usiku, saa saba baada ya tukio, wakati ambapo mambo yote yalikwisha kutulia. Wakati huo nami nilikuwa nimetazama picha za siku ile walizoziweka kwenye tovuti, nikamwona mwanangu akitabasamu ndani ya mtumbwi, na moyo wangu ukatulia kwa kitu ambacho hakikuwa kweli tena. Tangu hapo sizitazami picha za kambi kama habari ya hali ya mtoto.

Jirani yetu aliyetoka Bukavu, ambaye kanisa limempatia mwanawe nafasi ya bure katika kambi nyingine, aliniomba nimsaidie kusoma fomu. Zilikuwa kurasa sita za Kiingereza cha kisheria, zikiwemo aya za kukubali hatari na kuachilia haki ya kudai, na alikuwa amepewa azitie saini siku ya kumleta mtoto, kwenye maegesho, huku foleni ya magari ikimsubiri nyuma. Tulipiga simu tukaomba zitumwe mapema, wakazituma siku hiyo hiyo bila ubishi. Kumbe inawezekana kabisa, ila hakuna aliyemwambia. Ofisi nyingi za kambi pia zitakubali mzazi aje na mtu wa kumtafsiria, na fomu ya afya ndiyo ya kusomwa polepole kuliko zote, kwa kuwa ndiyo itakayoshikwa na muuguzi usiku wa manane.

Mwezi Septemba mambo yalibadilika kwa kambi zote za jimbo hili. Tarehe 5, baada ya wazazi wa wasichana waliofariki kwenda mbele ya wabunge wa jimbo na kuwasimulia waliyopoteza, Gavana Greg Abbott alitia saini sheria mpya za usalama wa kambi. Kambi yenye mabweni ndani ya eneo la mafuriko haitapewa leseni, na kila kambi inatakiwa kuwa na mpango wa kuwahamisha watoto na kuwafundisha wafanyakazi wake namna ya kuutekeleza. Baadhi ya wenye kambi wamelalamikia gharama. Ninawaelewa kwa upande wa fedha, kwani kuhamisha majengo si jambo dogo, lakini wazazi wale walikuwa na gharama yao na hawakupewa nafasi ya kuijadili.

Kwa kambi hii yetu, tulimwandikia mkurugenzi mwezi Agosti. Alijibu ndani ya siku tatu, akaomba radhi bila kuzungushazungusha, na akatutumia kanuni mpya: inhela na sindano za mzio zitakaa kwa mtoto au kwenye mkoba wa mlezi wake, na mlezi hatavuka ziwa kabla ya kuzionyesha gatini, pale pale penye ubao wa vibao. Hilo limetupendeza. Kuhusu simu kwa mzazi, kanuni inasema mzazi ataarifiwa "mapema iwezekanavyo". Tumeomba maneno hayo yaondolewe na iandikwe "ndani ya saa moja".

Nafasi za kiangazi cha 2026 zimefunguliwa, na binti yetu ameuliza mara mbili kama tumeshalipa. Barua zake tatu za kambini zipo kwenye droo ya jikoni, pembezoni hazina mnazi. Mkoba wa kiunoni umening'inia kwenye kitasa cha mlango wake. Tumemwambia tunasubiri jibu la mstari mmoja.